Aliyebaki Nje ya Darasa: Kanisa na Elimu ya Umma Kusini mwa Tanzania

Kila mwaka matokeo ya darasa la saba yanapotangazwa, makanisa yetu mengi hupokea sadaka za shukrani. Mzazi husimama na mwanawe mbele ya waumini, jina hutajwa, vigelegele hupigwa. Ni jambo jema, maana kila kipawa chema hutoka kwa Mungu. Lakini ibada hiyo hiyo ina watoto wengine ambao majina yao hayatajwi. Hawakufaulu, au walifaulu wakakosa namna ya kuendelea, au walikatizwa njiani. Tunawaombea kwa ujumla, kisha tunaendelea na matangazo.

Insha hii inaitazama historia ya elimu katika mikoa ya Lindi na Mtwara, tukianzia Masasi, kwa kuuliza swali moja: katika kila kipindi, nani alibaki nje ya darasa? Na Kanisa lilifanya nini juu yake? Tukiifuata historia kwa swali hilo tutaona kwamba Kanisa lilikuwa na nguvu pale lilipomwendea yule aliyeachwa, na kwamba lilipoanza kujivunia waliochaguliwa tu, lilipungukiwa. Tutaona pia kwamba shule ya umma na chuo cha wananchi, ambavyo wengi wetu tunaviona kuwa mambo ya serikali, vina damu ya udugu na imani yetu kuliko tunavyodhani.

Walioanza walikuwa watumwa

Mwaka 1864 wamisionari wa UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, walihamia Unguja baada ya kushindwa kukaa katika bonde la mto Shire. Wanafunzi wao wa kwanza hawakuwa watoto wa masultani wala wa matajiri. Walikuwa watoto walionyang'anywa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Hawakuwa na ukoo wa kuwatetea wala shamba la kurudia. Kule Kiungani walifundishwa kusoma, kuandika, kazi za mikono na Neno la Mungu, na kutoka kwao wakapatikana walimu.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1876, Askofu Edward Steere aliongoza kundi la watu huru, wanaume kwa wanawake, kutoka Unguja hadi Lindi na kuingia bara. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walikuwa wametekwa. Walipofika Masasi, penye vilima vya mawe makubwa na ardhi yenye rutuba, wakakaa. Kijiji kikaanza, na pamoja na kijiji shule.

Tulitafakari hilo kidogo. Shule ya kwanza ya Kikristo katika Masasi ilianzishwa na watu ambao hapo awali walikuwa wakihesabiwa kama bidhaa. Haikuanza kwa ajili ya kuwachuja wenye akili ili wakashike nafasi za juu. Ilianza kwa ajili ya kumrudishia mtu utu wake.

Mmoja wa matunda ya kazi hiyo alikuwa Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea Kiungani. Alitumwa kufundisha na kuhubiri Chitangali, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika misheni hiyo. Mtoto aliyepelekwa pwani akiwa mali ya mtu alirudi bara akiwa mwalimu wa watu. Kama kuna mtu anataka kujua elimu ya Kanisa ilikuwa na maana gani siku zile, na amtazame Majaliwa.

Kazi haikuwa rahisi. Mwaka 1882 Masasi ilivamiwa na Wangoni, nyumba zikachomwa na watu wakachukuliwa mateka; sehemu ya kazi ikahamia Newala. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vikafagia upande wetu wote: misheni ya Masasi ikachomwa, na vilevile vituo vya Wabenediktini Lukuledi na Nyangao. Askofu wao, Cassian Spiss, aliuawa mwaka huo njiani. Mwaka uliofuata, 1906, Wabenediktini wakaanza Ndanda. Na Vita Kuu vya mwaka 1914 vilipofika, wamisionari wa Kiingereza wakafungwa na Wajerumani, na kazi ya mashuleni na makanisani ikabaki mikononi mwa mapadre na walimu wenyeji. Wale waliobaki huru waliendelea kukusanya watoto. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba shule haikuwa mali ya mgeni tena.

Jando, unyago na chekeche la darasa la nne

Tusiseme kwamba kabla ya misheni hapakuwa na elimu Kusini. Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wamwera walikuwa na jando na unyago. Watoto walikaa pamoja, wakafundishwa heshima, kazi, mipaka ya maisha na wajibu wa mtu mzima. Yalikuwamo mambo ambayo Kanisa halikuweza kuyapokea, lakini lilikuwamo jambo moja kubwa: kila mtoto aliingia na kila mtoto alitoka akiwa mtu mzima mbele ya ukoo wake. Hakuna aliyeambiwa arudi nyumbani kwa sababu nafasi zimejaa.

Padre Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 akawa askofu wa kwanza wa Masasi, alilitambua hilo. Badala ya kuyapiga marufuku mafunzo hayo moja kwa moja, yeye pamoja na mapadre na walimu wenyeji waliyaingiza katika maisha ya Kanisa: jando likafanyika kwa sala na mafundisho ya Kikristo. Watu wamebishana kuhusu mpango huo hadi leo. Lakini mzizi wake ulikuwa sahihi. Elimu isiyomfunga mtoto na jamaa yake humwacha mkiwa, hata akijua kusoma.

Shule ya namna mpya ilileta kitu ambacho jando halikuwa nacho, nacho ni chekeche. Vijijini zilikuwapo shule ndogo za mwalimu mmoja, ambaye Jumapili ndiye aliyeongoza sala na siku za kazi ndiye aliyefundisha kusoma, kuandika na hesabu. Baada ya Tume ya Phelps-Stokes kupita Afrika Mashariki mwaka 1924, serikali ya Kiingereza ilianza kuzipa ruzuku shule za misheni zilizotimiza masharti yake. Ruzuku ilisaidia sana kupata walimu na vitabu. Lakini shule ndogo za vijijini, zilizokuwa nyingi zaidi, hazikufikia masharti hayo, zikaendelea kuishi kwa sadaka na ujasiri wa walimu wake.

Watoto wengi waliishia darasa la nne. Mtihani uliwagawanya, wachache wakaenda shule ya kati, na kati ya hao wachache zaidi wakaenda sekondari. Kijiji kilimsindikiza mmoja na kuwasahau wengine. Wasichana ndio waliosahauliwa kwanza.

Na lipo kundi jingine lililobaki nje, ambalo ni vigumu kwetu kulitaja. Lindi na Mtwara ni mikoa yenye Waislamu wengi. Katika ukoo mmoja utakuta Yusufu na Joseph, Mariamu na Maria, wanaozikana na kuoana. Lakini shule nzuri zilikuwa za misheni, na mzazi Mwislamu alihofia kwamba mwanawe akiingia humo atatoka na jina jingine na dini nyingine. Mara nyingi hofu hiyo ilikuwa na msingi. Hivyo mtoto wa jirani yetu alibaki nje, si kwa sababu hakuwa na akili, bali kwa sababu mlango ulikuwa na sharti. Ni historia yetu, na tunapaswa kuisoma kwa unyenyekevu.

Kanisa linapoteza majengo, jirani anapata kiti

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, sehemu kubwa ya shule zake ilikuwa mikononi mwa mashirika ya dini. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alisema wazi kwamba elimu iliyorithiwa ilikuwa ya kuwaandaa wachache na kuwaacha wengi wajione wameshindwa, ilhali wengi hao ndio wangebaki vijijini kulima na kujenga nchi. Kwa hiyo elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, imwandae mtu kwa maisha yake, isiwe ngazi tu ya kupandia kwenda mahali pengine.

Halafu ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Shule za mashirika zilizokuwa zikipata ruzuku zikachukuliwa na serikali na kuwa shule za umma. Chidya ya Waanglikana na Ndanda ya Wabenediktini zikawa sekondari za serikali. Wazee wa Kanisa waliumia. Walikuwa wamebeba mawe, wamechoma matofali, wametoa kuku na mihogo ili mwalimu ale. Sasa ofisi ya elimu wilayani ndiyo iliyoamua nani afundishe na nani asome.

Maumivu yale yalikuwa ya kweli. Lakini tuulize swali letu: nani alibaki nje, na sasa akaingia? Aliyeingia ni mtoto wa jirani Mwislamu. Alikaa kwenye dawati bila kuulizwa jina la ubatizo. Aliyeingia pia ni mtoto wa kijiji ambacho hakikuwahi kufikiwa na misheni yoyote. Nyerere mwenyewe alikuwa Mkatoliki aliyehudhuria misa na aliyewahi kufundisha katika shule za Kanisa. Hakuzichukua shule hizo kwa kuichukia imani. Alitaka shule iwe mahali ambapo taifa moja linakaa pamoja. Kanisa lilipoteza hati ya majengo, ila kazi ya mikono ya wazee wetu haikupotea. Ilianza kuwahudumia watu wengi zaidi ya wale waliokusudiwa mwanzoni. Mkristo anayejua maana ya mbegu inayofia ardhini hapaswi kushangaa sana.

Pamoja na watoto, wakubwa pia walikumbukwa. Wakati wa uhuru na miaka iliyofuata, takribani theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Jioni, baada ya shamba, baba na mama walikaa kwenye madawati ya watoto wao kwa ajili ya kisomo chenye manufaa: kusoma huku wakijifunza kilimo bora, afya na hesabu za ushirika. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kandokando ya redio vikundi kwa vikundi, na baada ya kusikiliza wakachimba vyoo na kusafisha visima. Kwa akina mama wengi, kisomo kilikuwa mara yao ya kwanza kuandika majina yao wenyewe.

Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma: kila mtoto wa umri wa shule aandikishwe ifikapo mwaka 1977. Mtihani wa darasa la nne haukuwa tena mlango wa kutokea. Walimu hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wakiwa kazini. Vyumba havikutosha, watoto wakakaa chini. Ubora ulishuka, hilo halifichiki. Lakini watoto wa kijiji kizima walikuwa wameandikishwa, na hilo nalo halikuwahi kutokea.

Chuo kilichotoka kwa mchungaji

Kuandikisha wote darasa la kwanza hakukuondoa chekeche. Kulilisogeza hadi darasa la saba. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Katika miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, chini ya wanafunzi kumi katika kila mia waliomaliza darasa la saba walipata nafasi katika sekondari za serikali. Waliobaki, zaidi ya tisini katika mia, walirudi nyumbani wakiwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi. Elimu yao iliishia wapi?

Jibu moja lilianza mwaka 1975, nalo ni Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo watu wengi huviita kwa kifupi FDC. Nyerere alivutiwa na vyuo vya namna hiyo vya Sweden, na Sweden ikasaidia kuvianzisha hapa. Vingi vilianzia katika majengo ya vituo vya zamani vya mafunzo ya wakulima. Leo nchini vipo zaidi ya hamsini. Kusini tunavyo Masasi, Newala, Mtawanya, Chilala na Kilwa Masoko.

Waumini wengi hawajui vyuo hivyo vilitoka wapi. Kabla ya Sweden vilikuwa Denmark, na aliyebuni wazo lake alikuwa mchungaji wa Kilutheri, Nikolai Grundtvig, aliyezaliwa mwaka 1783 na kufariki mwaka 1872. Alikuwa pia mtunzi wa nyimbo nyingi za ibada. Grundtvig aliona shule za nchi yake zikiwafundisha wachache Kilatini huku wakulima wakidharauliwa katika nchi yao wenyewe. Akataka kiwepo chuo ambacho kijana wa shamba angekuja akiwa mtu mzima, akae na wenzake, ajifunze kwa lugha yake, kwa neno lililo hai la mazungumzo na masimulizi, wala asipimwe kwa mitihani ya kumtenga na wenzake. Chuo cha kwanza kilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Sweden ikafuata mwaka 1868.

Kwa hiyo wazo lililofika Masasi na Newala mwaka 1975 kwa njia ya serikali lilikuwa limezaliwa katika moyo wa mchungaji miaka zaidi ya mia moja kabla. Na tazama lilivyofanana na kile ambacho wazee wetu walikuwa nacho katika jando na unyago: watu wa rika moja wanakaa pamoja, wanafundishwa maisha na kazi, na hakuna anayeitwa aliyefeli.

Mwanzoni serikali za vijiji ndizo zilizowachagua wanafunzi. Kijiji kilimtuma mtu kwa sababu kilimhitaji: fundi seremala, mwashi, mshonaji, mtu wa mifugo, mweka hesabu wa duka la kijiji. Alikaa chuoni, akajifunza fani yake pamoja na uongozi na utamaduni, kisha akarudi kwa waliomtuma. Elimu haikuwa njia ya kukikimbia kijiji.

Mambo yakaja yakaharibika. Uchumi wa nchi uliyumba miaka ya 1980, vijiji vikashindwa kuwagharamia watu wake, na misaada ya nje ikapungua. Vyuo vikahamishwa kutoka wizara moja hadi nyingine na baadaye kurudishwa kwenye elimu. Mabweni yakachakaa, zana za karakana zikawa za zamani, na wananchi wakaanza kuviita vyuo vya waliofeli. Jina hilo lilikuwa na sumu. Chuo kilichoanzishwa ili pasiwepo mtu wa kuitwa aliyefeli kikapewa jina hilo hilo, na mzazi akaona aibu kumpeleka mwanawe.

Mtoto wa Lupaso na milango mipya

Miongoni mwa waliopita katika chekeche la zamani ni Benjamin William Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, wilayani Masasi, mwaka 1938. Alisoma katika shule za Kanisa, ikiwa ni pamoja na Ndanda na Pugu, akafika Chuo Kikuu cha Makerere, na mwaka 1995 akawa Rais wa nchi. Ni yule mmoja aliyesindikizwa na kijiji. Lakini chini ya uongozi wake ada ya shule za msingi ilifutwa, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Ada ilikuwa imewarudisha watoto wengi nyumbani miaka ya 1990. Ilipoondolewa walifurika, na yaliyokuwa yamepungua tangu enzi za Azimio la Musoma yakaanza kurudi. Alipofariki mwaka 2020 alizikwa kwao Lupaso, katika udongo wa watu ambao wengi wao hawakuwahi kupata nafasi aliyoipata.

Baada ya hapo zikaja sekondari za kata. Wananchi walichanga, wakabeba mchanga na maji kichwani, wakafyatua matofali, kama babu zao walivyofanya kwa shule za misheni. Tofauti ni kwamba safari hii Mwislamu na Mkristo walibeba pamoja tangu msingi. Majengo yalitangulia, walimu wakachelewa. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa kwa mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri. Chekeche lilikuwa limesogezwa tena, sasa hadi kidato cha nne. Mwaka 2016 serikali ikaanza kutoa elimu bila malipo hadi kidato cha nne, na idadi ya watoto ikaongezeka tena.

Wakati huo huo Kanisa nalo lilikuwa limerudi katika elimu. Tangu serikali iliporuhusu kwa upana shule zisizo zake, madhehebu yetu yamejenga sekondari na shule za awali na msingi zinazofundisha kwa Kiingereza. Nyingi ni nzuri, na zimelea watu wema. Lakini ada yake haiwezi kulipwa na mkulima wa korosho mwenye ekari mbili, hata mwaka ambao bei ni nzuri. Misheni iliyoanza na watoto wa majahazi ya watumwa sasa inajulikana zaidi kwa shule ambazo mtoto wa mwinjilisti wake mwenyewe hawezi kusoma. Shule hizo zina kazi yake, nasi hatusemi zifungwe. Tunasema zisiwe jibu letu pekee.

Walio nje leo

Basi turudi kwenye swali: leo nani amebaki nje?

Yupo kijana wa kiume aliyemaliza kidato cha nne bila cheti cha maana, anayeshinda kijiweni au kuendesha bodaboda ya mtu. Yupo mama mkulima anayepeleka korosho ghalani, akapewa stakabadhi asiyoweza kuisoma, na kutegemea mtu mwingine amwambie kilo zake na makato yake. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze Mtwara mwaka 2007, kutokujua hesabu kuna gharama inayoonekana. Kisomo cha mwaka 1970 hakijaisha kazi yake.

Na yupo binti aliyepata mimba akiwa shuleni. Kwa miaka mingi shule ilimfukuza. Novemba 2021 serikali ilitoa waraka unaomruhusu kurudi masomoni baada ya kujifungua. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilikuwa vimeanza mapema kuwapokea mabinti kama huyu wasome masomo ya sekondari pamoja na fani, na katika vyuo hivyo mtoto mchanga hupata mahali pa kulelewa mama yake akiwa darasani. Serikali imefungua mlango, chuo kimefungua mlango. Je, kanisani? Katika mitaa yetu mingi binti huyo hutengwa na meza ya Bwana mbele ya watu wote, huku aliyempa mimba akiendelea kuimba kwaya kwa sababu hajulikani au hasemwi. Halafu tunashangaa kwa nini harudi shule wala harudi kanisani. Kama mchungaji mwema aliwaacha tisini na tisa kwa ajili ya mmoja, sisi tunawezaje kumfukuza mmoja ili tisini na tisa waonekane safi?

Hayahitaji mradi wa wafadhili. Mtaa wenye waumini mia mbili unaweza kufanya mambo manne mwaka huu. Kwanza, baraza la kanisa limtume mtu chuoni, Masasi au Newala au Mtawanya au kilicho karibu, akaulize fani zilizopo, muda wake na gharama zake, kisha yasomwe katika matangazo kama yanavyosomwa ya ndoa. Pili, kila jumuiya iorodheshe vijana wake waliokaa nyumbani, kwa majina, Wakristo na majirani Waislamu pamoja, kwa kuwa tulijifunza mwaka 1969 kwamba mlango usiwe na sharti. Tatu, sadaka ya mavuno au fungu la msimu wa korosho limlipie walau mmoja, naye atumwe na Kanisa kwa sala mbele ya watu, kama kijiji kilivyokuwa kikimtuma mtu wake. Haba na haba hujaza kibaba. Nne, ukumbi wa kanisa, unaokaa mtupu siku sita, ufunguliwe jioni kwa ajili ya kisomo. Mwalimu mstaafu hakosekani katika mtaa wowote.

Zaidi ya hayo, twende kwenye vikao vya shule za umma zilizo karibu nasi. Mwalimu kijana aliyepangiwa kijiji chetu akikosa nyumba ya kuishi ataomba uhamisho, na watoto wetu ndio watakaobaki bila hesabu na sayansi. Kumpatia chumba na kumkaribisha ni huduma, kama ilivyokuwa huduma kumpelekea mihogo yule mwalimu wa misheni. Shule ile haina tena jina la mtakatifu mlangoni, ila watoto walioko ndani ni wale wale.

Katika Kitabu cha Nehemia, watu waliporudi kutoka utumwani, Ezra alileta kitabu cha torati. Hakukisomea ndani ya hekalu. Alisimama katika uwanja wa watu wote mbele ya Lango la Maji, na waliokusanyika walikuwa wanaume, wanawake na kila aliyeweza kufahamu. Walawi wakapita katikati yao wakifafanua maana hadi watu wakaelewa. Watu walilia waliposikia, na wakaambiwa wasilie, bali waende wakale na kunywa, na wampelekee fungu yule asiyeandaliwa kitu.

Elimu ya watu walioachiliwa utumwani ilisomewa uwanjani, na karamu yake ilikuwa na fungu la asiyekuwa na chochote. Masasi nayo ilianza hivyo mwaka 1876. Majina ya kupeleka chuoni muhula ujao yako katika jumuiya zetu. Kilichobaki ni kuyaandika.